Kabla ya Kuhesabu Nyufa, Shuka Chini Dukani

Wadogo zangu, leo kona nzima nimempa mtu mmoja. Ni mama kijana aliyepanga ghorofa ya tatu katika jengo la zamani katikati ya Dar es Salaam, la aina ile mnayoijua: chini maduka, juu familia, ngazi zina giza mchana kweupe, kanga zimeanikwa vibarazani. Anaandika kwamba usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko lilipotokea baharini likalitikisa jiji, alikuwa bado kwa wazazi wake, na anachokikumbuka ni vyombo vikilia kabatini na baba yake akitoka mbio na kikoi. Sasa yeye mwenyewe ana mtoto wa miezi minane. Lori likipita barabarani na kioo cha dirisha kikatetema, anamnyanyua mtoto. "Dada," anasema, "ukutani kwetu pana nyufa. Mume wangu anasema ni plasta tu. Mama mkwe anasema tuhame mwezi huu huu. Nimsikilize nani?"

Mdogo wangu, pole kwa usingizi uliokatika. Mumeo huenda anasema kweli kuhusu nyufa hizo, na mama mkwe huenda anasema kweli kuhusu kuhama, lakini wote wawili wanatazama ukuta wa sebuleni, na ukuta wa sebuleni hauna habari kubwa ya kukupa. Unalala ghorofa ya tatu, ila usalama wako uko chini kwenye fremu za maduka. Twende huko pamoja. Niliwahi kukaa saiti miaka 12 kama mhandisi wa majengo kabla sijashika kalamu, na jambo hili nimelibeba moyoni tangu siku hizo.

Kwanza tuweke wazi kiasi cha hatari, nisije nikakutisha bure. Dar es Salaam haiko katikati ya Bonde la Ufa, na matetemeko makubwa hayaitembelei kama yanavyozitembelea Kagera, Rukwa, Bukavu au Bujumbura. Lakini eneo letu hili halijawahi kulala. Mwaka 1910 Rukwa ilitikiswa na tetemeko la kipimo kinachokaribia 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa kurekodiwa Afrika. Mwaka 1928 ikawa zamu ya Subukia kule Kenya. Februari 2008 Bukavu na ng'ambo ya pili kule Rusizi, Rwanda, watu walikufa wengine wakiwa kanisani, maana ilikuwa Jumapili. Na Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri hivi, Bukoba ikapigwa na tetemeko la 5.9. Watu 17 walipoteza maisha, maelfu ya nyumba zikapasuka au kuanguka, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikaharibika hadi zikafungwa.

Nyumba nyingi zilizoanguka Bukoba zilikuwa za tofali na mawe, za chini, zisizo na mkanda wa zege wa kuzishika kuta. Kwa hiyo wengi walirudi wakisema, "Ghorofa za zege ni salama, mbona zilisimama." Mimi kauli hiyo siikubali. Lile tetemeko lilikuwa la wastani, na Bukoba ghorofa hazikuwa nyingi. Ghorofa zetu za zege, zile za miaka ya sitini, sabini na themanini zilizojaa Dar, Mombasa, Nairobi, Kampala na Bujumbura, hazijafanyiwa mtihani wenyewe bado. Walioufanya mtihani huo ni wenzetu, na ndiko tunakopaswa kujifunza.

Uturuki, tarehe 6 Februari 2023, saa kumi na dakika 17 alfajiri. Tetemeko la 7.8, na mchana wake jingine kubwa likafuata. Ukilinganisha nguvu iliyofumuka ardhini, lile la alfajiri lilikuwa karibu mara 700 ya la Bukoba. Uturuki pekee walikufa watu zaidi ya 50,000, wengi wao ndani ya majengo ya fleti za zege kama hilo unalokaa wewe. Picha mliziona. Sakafu juu ya sakafu, zimelaliana kama chapati kwenye sinia, katikati hamna nafasi hata ya mtoto. Kinachoniuma ni kwamba yaliyoyaangusha majengo yale yalikuwa yanajulikana. Mwaka 1999, tetemeko la İzmit lilipoua watu zaidi ya 17,000, wahandisi waliandika mambo yale yale: ghorofa ya chini iliyoachwa wazi kwa maduka, zege hafifu, nondo laini, ringi chache. Miaka 23 na ushei ikapita, na majengo mengi yakabaki kama yalivyokuwa.

Sasa sikiliza jinsi jengo linavyoumia, kwa sababu ukilielewa hili huhitaji kusoma uhandisi ili ujue la kutazama.

Kila siku jengo linabeba mzigo wa kwenda chini tu. Sakafu inaukabidhi uzito kwa bimu, bimu kwa nguzo, nguzo kwa msingi. Zege ni hodari sana wa kazi hiyo, ndiyo maana hata jengo baya husimama miaka 50 na watu wakalisifu. Tetemeko halisukumi kwenda chini. Linaivuta ardhi pembeni, huku na huku, mara nyingi ndani ya sekunde chache. Mfikirie mwanamke amejitwisha ndoo ya maji kichwani, amesimama imara, halafu mtu auvute ghafla mkeka aliosimama juu yake. Ndoo haitapasuka, na shingo huenda ikavumilia. Magoti ndiyo yatakayosalimu amri. Jengo lako nalo lina magoti, na magoti yake ni nguzo za chini.

Chukua hesabu ya haraka. Jengo la sakafu tano, kila sakafu mita za mraba 200, ukijumlisha zege, kuta, samani na watu, halipungui tani 1,000 kwa makadirio ya kawaida ya saiti. Tetemeko likilitikisa pembeni kwa nguvu ya sehemu moja ya tano tu ya uzito wake, ni tani 200 zinazosukuma kwa ubavu. Nguzo za ghorofa ya juu zinasukumwa na paa lililo juu yao basi. Nguzo za chini zinasukumwa na zote. Nazo ndizo tulizozinyang'anya msaada.

Angalia huko juu kwako. Kati ya nguzo na nguzo pana kuta za tofali: chumba, jiko, choo, korido. Hazikuwekwa kwa ajili ya tetemeko, lakini zinalikazia jengo lisiyumbe ovyo. Halafu shuka chini. Mbele ya maduka hakuna ukuta, ni milango ya kukunja. Katikati wamebomoa kuta ili fremu mbili ziwe duka moja. Pengine kimo cha dari nacho ni kirefu kuliko cha juu, ili kiingie kighala cha bidhaa. Juu ni sanduku gumu, chini ni miguu mitupu. Tetemeko likija, yale mayumbo yote ambayo yangegawanywa kwenye sakafu tano yanajazana kwenye ghorofa moja, ya chini. Wahandisi huiita ghorofa laini. Kati ya vyote nitakavyokutajia leo, hiki ndicho ninachokiogopa kuliko vingine.

Kama jengo liko kwenye kona ya barabara mbili, tazama mara ya pili. Majengo ya kona yanakuwa na maduka pande mbili zilizo wazi, na kuta nzito pande mbili za nyuma. Likisukumwa halirudi nyuma sawasawa, linajinyonga kama mtu anayegeuza kiuno, na nguzo ya pale kwenye kona, ambayo ndiyo imesimama peke yake, inabeba mwendo mkubwa kuliko zote.

Halafu kuna jambo ninalolisema kila mahali kwa sababu nililiona kwa macho yangu. Niliitwa kwenye jengo moja la sakafu nne kwa ajili ya bomba lililokuwa linavuja. Nikapita dukani chini. Nyuma ya jokofu la soda niliona nguzo imechongwa. Mpangaji alitaka mlango mpana zaidi, fundi akachukua tindo akaila kona ya nguzo, upana wa kiganja, kuanzia sakafuni hadi usawa wa bega. Nondo mbili zilikuwa zinaonekana, moja ilikuwa imekatwa kwa msumeno na kupindwa ipishe fremu ya mlango. Juu ya nguzo ile walikuwa wanaishi watu, familia kwa familia, hakuna hata mmoja aliyejua. Mwenye jengo aliniambia, "Lakini imesimama mwaka wa tatu sasa." Ni kweli ilisimama. Kwa uzito wa kwenda chini, nguzo ina akiba ya kuvumilia mengi. Akiba ile ile ndiyo ambayo tetemeko lingeihitaji, nayo ilikuwa imetupwa kwenye toroli la kifusi. Uturuki nako, baada ya 2023, habari za nguzo zilizokatwa kwa ajili ya maduka zilifika mahakamani.

Kwa hiyo ukishuka, usitazame kwa nje tu. Ingia dukani, nunua hata sukari, uulize kwa heshima. Hesabu nguzo za chini, halafu linganisha na unazozijua juu. Nguzo ya zege inapaswa kushuka moja kwa moja kutoka juu hadi msingini. Kama juu kwako nguzo iko sebuleni, na chini yake dukani hakuna kitu, imeishia kwenye bimu, hilo liandike kwenye karatasi.

Ukimaliza chini, panda hadi juu ya paa. Uliza wazee wa jengo: lilijengwa na sakafu ngapi? Dar imejaa majengo yaliyoanza na tatu yakaishia tano. Slabu ya unene wa sentimita 15 peke yake ina uzito wa kilo 360 hivi kwa kila mita ya mraba, kabla hujaweka ukuta wala kitanda. Aliyeongeza sakafu mbili juu ya msingi na nguzo zilizohesabiwa kwa tatu amezitwisha nguzo mzigo ambao mchoraji hakuuona. Matangi ya maji yahesabu pia. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano, na paa za mjini sasa zina matangi manne, matano, yamepangwa upande mmoja karibu na bomba. Uzito ukiwa juu kabisa ndiko unakoyumbisha zaidi.

Na ukiwa huko juu, chungulia kati ya jengo lenu na la jirani. Kama mkono haupiti, yatagongana siku ya mtikisiko. Mbaya zaidi ni pale sakafu ya jirani inapokuwa usawa wa katikati ya nguzo zenu, maana itazipiga kama nyundo.

Sasa turudi kwenye nyufa zako, nisije nikaonekana nimezidharau.

Nyufa nyembamba kama unywele, zinazosambaa ukutani bila mpangilio, au zinazofuata mahali tofali linapokutana na nguzo, mara nyingi ni plasta na mabadiliko ya joto. Hapo mumeo yuko sahihi. Ufa unaonitia wasiwasi ni ule unaopanda wima kwenye nguzo yenyewe, ukifuata mstari wa nondo, pembeni yake pana doa la kahawia. Hiyo ni kutu. Chuma kikishika kutu kinavimba na kuwa kikubwa mara kadhaa, kinalisukuma zege hadi linabanduka vipande. Pwani yetu, kuanzia Mtwara, Dar, Zanzibar, Tanga mpaka Mombasa, chumvi iko hewani, na baadhi ya majengo yalijengwa kwa mchanga wa baharini ambao haukuoshwa. Chumvi imo ndani ya zege tangu siku ya kwanza. Tunafundishwa tangu utotoni kuuziba ufa kabla haujawa kazi ya kujenga ukuta, na kwa ukuta wa tofali ni sawa. Kwenye nguzo, kuuziba kwa saruji na kupaka rangi bila kuuliza unatoka wapi ni kumfunika mgonjwa shuka.

Na ufa wa tatu: unaokatiza nguzo kwa mshazari, au miwili iliyokutana kama herufi X, au unaokaa pale bimu inapokutana na nguzo. Ukiuona huo, usiniandikie barua. Mpigie mhandisi siku hiyo hiyo.

Lakini kuna udhaifu ambao hauna ufa wala doa, na ndio unaotutenganisha sisi wa majengo ya zamani na wa majengo mapya yaliyojengwa vizuri. Uko ndani, kwenye ringi. Niruhusuni niukalie kidogo.

Mmepita saiti mkaona mafundi wanafunga nondo za nguzo: nondo nne au sita zimesimama, na zimezungushiwa vyuma vyembamba vya mraba, kimoja juu ya kingine. Hivyo ndivyo ringi. Watu hudhani kazi yake ni kuzishika nondo zisikae ovyo mpaka zege limwagwe. Kumbe wakati wa tetemeko, ringi ndiyo inayoizuia nguzo isipasuke kama mhogo mkavu. Zege la nje likishabanduka, la ndani linabaki limeshikwa na ringi kama kuni zilizofungwa kwa kamba, na nguzo inaweza kupinda, kuumia, kuharibika kabisa, lakini bado ikaibeba sakafu mpaka watu watoke. Ringi zikiwa mbali mbali, nondo zinachomoka ubavuni, zege linamwagika kama kokoto, na sakafu inashuka.

Majengo yetu mengi ya zamani yalichorwa kwa vitabu vya Uingereza: CP 114, baadaye CP 110 ya mwaka 1972, kisha BS 8110 ya 1985. Ni vitabu vizuri, na wahandisi waliovitumia walikuwa makini. Ila Uingereza ni nchi iliyotulia, na vitabu hivyo havikuandikwa kwa kuwaza tetemeko. Vinaruhusu ringi zikae umbali wa mara 12 ya unene wa nondo. Kwa nondo ya milimita 16 ni karibu sentimita 19, na fundi asiyesimamiwa alizisogeza zikafika 25 au 30. Kwa tetemeko tunataka ringi zibanane karibu na vichwa na miguu ya nguzo, sentimita 10 hadi 12 hivi. Tunataka pia ncha za ringi zikunjwe ziingie ndani ya moyo wa zege. Ringi ya kizamani ncha zake zimekunjwa kama kona ya meza tu, zege la nje likibanduka inafunguka kama mkanda usio na tundu.

Nilipokuwa kwenye jengo lile la jokofu la soda, tuliifungua nguzo nyingine iliyokuwa nzima, kipande cha nusu mita tu, juu kidogo ya sakafu. Fundi aligonga taratibu, plasta ikatoka, zege likatoka, tukaifikia ringi ya kwanza. Nikaweka kiganja changu kuelekea juu kutafuta ya pili. Kiganja kimoja, hakuna. Kiganja cha pili, hakuna. Iko katikati ya cha tatu. Na nondo zote zilikuwa zimeungwa pale pale mguuni mwa nguzo, kwa kulazwa ubavu kwa ubavu, yaani mahali penye maumivu makubwa ndipo palipowekwa kiungo. Zilikuwa nondo laini zisizo na vinundu, zile ambazo zege halizing'ang'anii. Fundi, mzee wa watu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, sisi tulifundishwa hivi." Nami nilimwamini, kwa sababu walifundishwa hivyo kweli.

Basi hilo huwezi kulijua kwa macho, na ndiyo sababu ya kumtafuta mhandisi. Mtafute aliyesajiliwa. Kwa Tanzania jina lake utalikuta Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mtafute wa majengo hasa, mwenye kuelewa matetemeko. Kabla hajaja, nendeni halmashauri mkaulizie michoro iliyoombewa kibali. Ikipatikana, kazi imepungua nusu. Isipopatikana, ataipima upya kila nguzo.

Nakutahadharisha kuhusu kitu kimoja. Atakuja mtu na kifaa kinachoitwa nyundo ya Schmidt, atakigusisha kwenye nguzo tano, kila mara kitapiga "tak", ataandika namba, na jioni mtapewa karatasi imeandikwa "jengo ni salama". Msiikubali karatasi hiyo. Kifaa ni kizuri, lakini kinasoma ngozi ya zege, na zege kuukuu huwa na ngozi iliyokomaa kwa hewa, ngumu kuliko nyama ya ndani. Kinaweza kulisifia zege hafifu. Mhandisi makini atakata vipande vya mviringo vya zege kutoka nguzo kadhaa avipeleke maabara vikapondwe. Atapitisha kifaa cha kutafuta nondo ajue ziko ngapi na ringi ziko umbali gani, kisha atafungua nguzo chache kuthibitisha. Atapulizia dawa ya fenolftaleini kwenye zege lililokatwa: lililo zima linageuka rangi ya waridi palepale, lililochoka ambalo haliilindi tena nondo isishike kutu linabaki na rangi yake ya kijivu. Mwambieni awaonyeshe. Ni jambo ambalo hata bibi asiyesoma atalielewa akiliona. Baada ya hapo ndipo anaingia kwenye kompyuta kulisukuma jengo kwa hesabu, kuona ghorofa ipi itasalimu amri kwanza.

Wengine mtaniuliza, yote haya ya nini, si tutaambiwa tu libomolewe? Hapana. Japani walibadilisha kanuni zao mwaka 1981, na walipopigwa Kobe mwaka 1995 ikaonekana wazi kwamba majengo ya kabla ya hapo ndiyo yaliyoumia zaidi. Hawakuyabomoa yote yaliyobaki. Waliyapima na kuyapanga kwa alama, dhaifu kabisa yakatangulia kuimarishwa. Mji wa Los Angeles mwaka 2015 uliwaagiza wenye majengo ya zege ya kabla ya 1977 wayachunguze na kuyaimarisha, ukawapa miaka 25. Kazi yenyewe inafahamika. Nguzo inavalishwa koti la zege jipya lenye nondo mpya na ringi zilizobanana. Au unajengwa ukuta wa zege mahali pachache tangu msingini hadi juu. Au fremu mbili tatu za chini zinafungwa vyuma vya mshazari. Mara nyingi inaanzia chini, kwenye maduka, na watu wa juu wanaendelea kuishi. Hata kushusha matangi matatu na kuirudisha nguzo iliyochongwa ni mwanzo wa maana.

Najua wewe ni mpangaji, na mwenye jengo huenda hata simu hapokei. Peke yako utaambiwa uhame kama huridhiki. Kwa hiyo usiende peke yako. Kaa na majirani wa kila mlango, andikeni barua moja, sahihi zote chini yake, mkitaja mlichokiona kwa macho: nguzo namba fulani, duka fulani, imekatwa hivi. Nakala ipelekeni serikali ya mtaa na halmashauri. Barua inayotaja nguzo hutupwa kwa shida kuliko barua inayotaja hofu. Na ninyi mlionunua fleti zenu, Tanzania tangu 2008 ina sheria ya umiliki wa sehemu za jengo inayowataka wenye sehemu wawe na umoja wao. Umoja huo usiwe wa kugawana bili ya mlinzi tu. Fedha ya mhandisi ichangwe humo humo. Wenye maduka nao msiwaache nje. Jengo likishuka, wao ndio wa kwanza chini yake.

Kuhusu siku yenyewe nitasema kidogo. Usikimbilie ngazi wakati jengo linatikisika, na lifti usiiguse. Ingia chini ya meza imara na mtoto wako, mfunike kwa mwili wako, shikilia mguu wa meza mpaka kutulie, ndipo mtoke. Na kitanda chake kisikae chini ya kabati la vyombo. Kabati lenyewe lifunge ukutani kwa vyuma na skrubu, kazi ya nusu saa.

Sasa swali lako: mhame au mkae? Nakujibu kama ambavyo ningemjibu mdogo wangu wa tumbo moja. Mkikuta nguzo imekatwa, au ufa wa X kwenye nguzo, au nondo za nguzo zinaonekana zimeliwa na kutu, mama mkwe ameshinda, fungeni mizigo, msisubiri mkataba uishe. Mkikuta chini ni wazi kwa maduka lakini nguzo zote ni nzima na sakafu hazikuongezwa, kaeni, muandike barua hiyo mwezi huu, na mjipe muda wa kuona kama mwenye jengo ataleta mhandisi. Asipoleta, tafuteni kwingine bila haraka, na mkifika huko jambo la kwanza ni kutazama nguzo za chini kabla ya vigae vya bafuni. Mkikuta kuta chini zipo, nguzo zinashuka sawa, paa halina mzigo wa ziada, basi lala, mdogo wangu.

Nenda Jumamosi asubuhi wakati maduka yako wazi, mumeo abebe mtoto, wewe beba kalamu na daftari. Mwombe muuza duka asogeze jokofu kidogo. Kisha niandikie: nguzo ngapi chini, ngapi juu, na nyuma ya jokofu umekuta nini.